Yeyo Hakuwa Kwenye Mchoro

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nasema mapema ili ukifika pale nilipomfokea mama yangu mzazi kwa sababu ya karatasi, usishtuke. Hasira yangu huwaka upesi na kuzimika upesi, ila hapo katikati huwa nimeshaharibu kitu.

Kazi yangu ni kutengeneza hifadhidata. Majirani zangu wa Kitengela wanaamini natengeneza kompyuta, na kila wiki hakosekani mmoja wa kuniletea simu iliyoanguka kwenye ndoo. Nimechoka kueleza. Hifadhidata ni daftari tu, ila ni daftari linalojua kwamba ukurasa huu unahusiana na ule. Kila ukurasa tunauita jedwali: hapa watu, pale ng'ombe, pale chanjo. Kisha unaeleza jedwali hili linajuana vipi na lile. Mengine yote ni stima kupotea na macho kuuma.

Mwaka jana wafugaji wa kwetu, ndani kidogo ukitoka Kajiado mjini, waliunda kikundi cha kuuza mifugo pamoja. Wakataka daftari la kompyuta: ng'ombe huyu ni wa nani, ana alama gani masikioni, alichanjwa lini. Mpango ulikuwa rahisi. Lori la wanunuzi likija, karani anampigia mtu aliyeandikwa kuwa mwenye ng'ombe, na mtu huyo akisema ndiyo, ng'ombe anapanda. Hakuna mwingine wa kuulizwa. Kazi wakanipa mimi kwa sababu ni mtoto wa pale.

Mwenyekiti wa kikundi ni baba yangu mdogo, ndugu wa marehemu baba. Boma letu tangu baba afariki linasimamiwa na kaka yangu mkubwa, na kaka alikuwa ameshasema wazi kwamba lori la kwanza likija ataondoa ng'ombe wale wa kijivu, wadogo wadogo, abaki na wakubwa wa nyama. Simlaumu sana. Ule ukame uliopita ni yeye aliyelala porini miezi akitafuta nyasi, sisi wengine tukimtumia pole kwa simu.

Basi siku moja baba mdogo akanipigia. "Mtoto, hiyo kitu yako tutaiona lini?"

"Iko tayari, baba. Iko ndani ya kompyuta."

"Ndani ya kompyuta hatuingii. Lete picha. Wanakikundi waone, wakubali, ndio tuandike ng'ombe."

Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika na programu za kuchora. Kuna nyingi kama dagaa, na kila moja inajisifu. Ya kwanza niliyojaribu inakuuliza hifadhidata iko wapi, inaisoma yenyewe, na ukibonyeza mara moja tu inakuchorea masanduku yote na mistari yote. Mistari ilipishana kama uzi wa shanga uliochezewa na mtoto. Ya pili ilikuwa ya mtandaoni. Unavuta masanduku kwa mkono, unayapaka rangi, yanapendeza mpaka unajisikia msanii. Lakini mtandao wa ghorofani kwangu unaenda na kurudi unavyotaka, na nilipofika jedwali la saba ikaniambia nilipe kwanza. Nikasema, ala! Ya tatu ilitaka maneno matupu. Unaandika: mwenye ana ng'ombe wengi; ng'ombe ana chanjo nyingi; halafu inapanga mchoro yenyewe. Sura yake kavu kama barua ya serikali, na nikiongeza kitu lazima nikae nifikiri kwanza nakiitaje.

Mimi na kufikiri siku hiyo tulikuwa tumekosana. Nikarudi kwa ile ya kwanza, nikanyoosha mistari yake mmoja mmoja, nikaridhika. Nilijiambia kwamba chombo kinachochora kilichopo hakiwezi kudanganya.

Nikaupeleka mchoro kuchapishwa kwenye saiba iliyo chini ya nyumba yetu. Mama wa saiba aliuangalia ukitoka kwenye printa, akaugeuza huku na huku.

"Hii ni ya wapi? Hii ploti ya kona bado iko?"

Kitengela, karatasi yoyote yenye masanduku ni ramani ya ploti. Nikamwambia kona imeshanunuliwa.

Jumamosi nikaenda nyumbani kumjaribia Yeyo. Yeyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaasai, na yeye hakukaa darasani hata siku moja. Nilifikiri, Yeyo akielewa, mkutano mzima utaelewa. Herufi hasomi, lakini ng'ombe anamsoma mpaka bibi yake. Akimwona ndama anavyokanyaga anakwambia nyanya yake alikuwa nani na alikufa kwa nini. Ukimuuliza wako wangapi atakufukuza, kwa maana mifugo haihesabiwi kwa mdomo kama viazi. Fomu yangu ya kwanza ilikuwa na nafasi ya idadi, na kwa hiyo nafasi nilitukanwa siku mbili.

Nikainamisha kichwa kumsalimu, akakigusa kwa kiganja chenye harufu ya moshi na maziwa. Chai ikaja. Nikaitandaza karatasi juu ya meza, nikaweka kikombe kila upande isikunjike.

"Hii boma ni ya nani?" akauliza.

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hayo si manyumba, ni makundi: hili la wenye ng'ombe, hili la ng'ombe, hili la chanjo, na mistari ni njia za kutoka huku kwenda huku. Akafuata mstari kwa kidole polepole, akafika mwisho wake unapogawanyika mara tatu.

"Na huu mguu wa kuku?"

"Unamaanisha wengi, Yeyo. Penye mguu ni wengi, pasipo na mguu ni mmoja. Mwenye mmoja, ng'ombe wengi."

"Aah." Alishika upesi kuliko watu niliofanya nao kazi wenye digrii mbili. "Sasa hawa wetu, huyu mmoja ni nani?"

"Ni kaka. Si ndiye mkubwa wa boma?"

"Hata wa kijivu?"

"Wote."

Kidole chake kikarudi juu ya karatasi. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Na mimi niko sanduku gani?"

Nikaangalia. Nakuapia, niliangalia ile karatasi kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na huku anajua ameuacha. Halafu nikamwona. Ndani ya sanduku la mwenye, chini kabisa, kulikuwa na kimstari kidogo nilichokiandika mwenyewe: simu ya dharura. Kwa boma letu nilikuwa nimejaza namba ya Yeyo.

"Uko hapa," nikamwonyesha. "Kaka akikosekana kwa simu, unapigiwa wewe."

"Kwa hivyo mimi ni simu."

Hasira ikanipanda. Si kwamba alikuwa amekosea. Ilinipanda kwa sababu alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia nimekaa wiki tatu na hii kazi, macho yameniuma, na hajui hata inafanywa vipi, na kila nikileta kitu hapa lazima kitafutwe kosa. Nilisema kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi mama yake. Mbuzi waliokuwa mlangoni waliondoka.

Yeyo aliinuka. Aliondoa vikombe, karatasi ikajikunja yenyewe. Akachukua kibuyu chake cha kukamulia, akafika mlangoni, akasimama.

"Unajua kwa nini baba yako mdogo ananiita Pakiteng?"

Najua desturi, kila mtoto wa kwetu anaijua. Mtu akikupa mnyama, mnaacha kuitana majina, mnaanza kuitana kwa yule mnyama, wewe na yeye, mpaka mmoja afe. Kwa kondoo mnaitana Paker, kwa mbuzi Pakine, kwa ndama jike Paashe, na kwa ng'ombe mzima ndio Pakiteng. Nilikuwa nimemsikia baba mdogo akimwita mama Pakiteng tangu nizaliwe, na mama akimwita yeye hivyo hivyo. Sikuwahi kuuliza ni ng'ombe yupi.

Akanieleza pale pale mlangoni, amenipa mgongo nusu. Aliletwa kuolewa kutoka upande wa Illasit na lori la vitunguu. Likamshusha barabarani, na kutoka pale akatembea, taratibu, mwendo wa bibi harusi, na viatu vya kuazima vikimbana. Alipofika lango la boma akasimama, maana bibi harusi haingii mpaka aahidiwe kitu. Mkwe wake akaahidi kondoo. Hakusogea. Mama mkwe akaahidi mbuzi. Hakusogea.

"Ningeingia tu, miguu ilikuwa inaniua," akasema. "Lakini niliwaona wanafikiri nimechoka."

Basi baba mdogo, siku hizo morani mwenye njaa ya nyama ya harusi, akapaza sauti kwamba chukua yule wangu wa kijivu, ana mimba, ingia tule! Watu wakaangua kicheko. Yeyo akainua mguu, akaingia. Kutoka kwa ng'ombe huyo mmoja ndio wakatoka wa kijivu wote walio nyumbani, na wakawa wa nyumba yake. Baba alikuwa mkubwa wa boma, ndiyo. Lakini ng'ombe wa nyumba ya mke hawauzwi kimya kimya.

"Yule mweupe unamkumbuka?"

Namkumbuka. Mweupe mwenye doa la kijivu shingoni. Aliuzwa mwaka niliokwenda sekondari.

"Baba yako alikuja hapa, akasimama mahali nimesimama, akaniuliza. Nilikuwa nampenda sana yule ng'ombe. Nikasema chukua, mtoto asome. Aliniuliza kwanza, unaona?" Akaitazama karatasi. "Hii yako haijui kuuliza."

Akaenda zake kukamua. Nikabaki pale nikijiona mdogo kama punje. Nimesomeshwa na ng'ombe wa mama yangu, nikasoma mpaka nikajua kuchora, na siku ya kuchora nikamwandika mama yangu kama namba ya simu. Nililia. Nikanawa uso kwa maji ya kwenye jerikeni, nikatoka kumshikia ndama asimalize maziwa mpaka kibuyu kikajaa.

Ile programu haikuwa imenidanganya. Ilichora kilichokuwepo, na mimi Yeyo sikuwa nimemweka. Chombo cha namna hiyo, ukisahau mtu, kinakuchorea kusahau kwako vizuri, kwa mistari iliyonyooka.

Nililala huko huko. Kesho yake tulipotoka kanisani, Yeyo alikaa nje na sinia la maharagwe akichagua ya mchana. Nikakaa karibu. Nikamwambia, "Yeyo, nisamehe. Nilikosea mdomo na nikakosea kazi."

"Mdomo ni wa baba yako, huo sikuweza," akasema. "Kazi tutengeneze."

Tukatengeneza kwenye sinia. Alisukuma maharagwe mengine pembeni, akapanga mekundu makubwa kuwa maboma. Madoadoa yakawa nyumba, nyumba kila moja karibu na boma lake. Madogo yakawa ng'ombe. Mistari tulivunja njiti za ufagio. Kila nilipodhani tumemaliza aliniuliza swali. Mjane akirudi kwao, nyumba yake inaenda wapi? Haiendi, nikasema, baada ya kufikiri sana. Ng'ombe akipewa mtu halafu akazaa, mtoto ni wa nani? Nikaweka njiti kutoka kwa ndama hadi kwa mama yake, na kutoka kwa mama hadi nyumba.

"Na aliyetoa?"

"Aliyetoa si ameshatoa, Yeyo?"

"Ametoa na bado yuko. Atawekwa wapi?"

Alikuwa na haki. Zawadi haikuwa mstari tu, ilihitaji sanduku lake yenyewe: aliyetoa, aliyepokea, ng'ombe yupi. Nikatafuta harage la rangi nyingine, hakuna, nikaweka kifungo cha blauzi yangu kilichokuwa kimekatika. Nikapiga picha kwa simu. Kisha maharagwe yote yakaingia sufuriani, tukala mchoro wetu na mahindi.

Niliporudi Kitengela sikuigusa tena ile programu ya kubonyeza mara moja. Nilichukua ile kavu ya maneno, kwa sababu ile moja tu ndiyo inayokulazimisha useme. Nikaandika: boma lina nyumba nyingi. Nyumba ina ng'ombe wengi. Zawadi ina aliyetoa na aliyepokea. Ng'ombe hauzwi mpaka wakubali wawili, mwenye boma na mwenye nyumba. Kila nilipoandika mstari niliona sinia. Nikaupeleka mchoro saiba, ukatoka kwa kurasa nne, nikaunganisha kwa selotepu.

"Mmeongeza ploti," mama wa saiba akasema.

Mkutano ulikuwa Jumamosi iliyofuata, mchana, kwenye jengo la kanisa la kwetu. Wanaume walikaa mbele, wanawake benchi za nyuma karibu na mlango, Yeyo akiwa wa mwisho kabisa na shuka lake. Nikabandika mchoro ukutani, nikaeleza. Mguu wa kuku ukaeleweka, watu wakacheka. Nilipofika kwenye sanduku la nyumba kicheko kikaisha.

Kaka yangu akasimama. Hakuwa na ukali, alikuwa na aibu. "Dada, hii mambo ya nyumba umeleta kwa mkutano ya nini? Boma ni moja, jina ni moja. Lori ikija nitazunguka niulize wamama wangapi?"

"Mmoja," nikasema. "Wako."

Wanawake waliguna. Baba mdogo akainuka na rungu lake, akangoja kimya kirudi.

"Mtoto amefanya kazi na tunamshukuru," akasema. "Lakini hii sanduku ya nyumba, na hii ya zawadi, tutoe. Nani alimpa nani, hiyo ni mambo ya zamani. Hakuna mtu anakumbuka. Tuandike mwenye boma peke yake, tumalize." Mwenyekiti akishasema tumalize, imekwisha. Nikaanza kushika kona ya karatasi niibandue, na mawazo yangu yakawa kwa wale wa kijivu wakipandishwa lori huku Yeyo akisikia kutoka jikoni. Baba mdogo, kwa adabu tu, ndivyo anavyofunga mazungumzo siku zote, akageukia benchi za nyuma.

"Ama namna gani, Pakiteng?"

Yeyo hakusimama hata. Alimjibu kama anavyomjibu kila siku. "Nimekusikia, Pakiteng."

Mzee mmoja wa mbele akaanza kucheka mabega yakitikisika, bila sauti, halafu wa pili. Baba mdogo akabaki ameshika rungu. Akamtazama Yeyo, akautazama ukuta, sanduku la zawadi, aliyetoa, aliyepokea. Akajikuna kichwa.

"Alikuwa wa kijivu," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena. "Pembe moja imepinda hivi, chini. Nilikuwa nampenda yule ng'ombe."

"Ulikuwa na njaa," Yeyo akasema.

Kanisa zima likacheka. Baba mdogo naye akacheka mpaka akafuta machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Akakaa. "Acha hiyo sanduku," akaniambia. "Acha zote. Na sisi tuanze, uandike yangu kwanza."

Nikaifungua kompyuta juu ya meza ya madhabahu, Mungu anisamehe, nikaandika. Aliyetoa: yeye. Aliyepokea: Yeyo. Ng'ombe: wa kijivu, pembe imepinda. Ameshakufa zamani, lakini wajukuu zake walihitaji mahali pa kuanzia.

Lori la kwanza lilikuja baada ya mvua kuchelewa. Mambo ya siku hiyo nilihadithiwa na kaka mwenyewe. Alikwenda kwa Yeyo, akasimama mlangoni, pale pale baba aliposimama, akaomba wawili katika wale wa kijivu. Alikuwa amejiandaa kubishana. Yeyo akamuuliza ni wepi, kaka akataja alama zao, na Yeyo akasema, "Chukua watatu. Nyasi hakuna, unangoja nini?"

"Sasa kama angetoa hata watatu," kaka akanilalamikia kwa simu, "kelele yote ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia afikirie atapata. Bado anafikiria.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa saiba nikichapisha kazi ya watu wengine, simu ikalia. Ilikuwa ile namba niliyowahi kuiita ya dharura.

"Yule ndama wa kijivu aliyezaliwa juzi, yule jike," Yeyo akasema bila salamu. "Ni wako. Nimekupa."

"Yeyo! Mimi naishi ghorofa ya tatu. Ndama nitamweka wapi?"

"Nani amesema umweke? Atakaa hapa na mama yake. Wewe weka mstari."

"Nitaweka."

"Weka sasa, usisahau. Unajua wewe ni wa kusahau." Nikasikia akicheka, na nyuma yake ng'ombe wakirudi. "Haya, kazi njema, Paashe."

Hajawahi kuniita hivyo. Kwake nimekuwa mtoto miaka yote hii, mtoto mwenye mdomo. Na desturi inataka ujibu kwa jina hilo hilo, lakini nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kiganja, na mama wa saiba alikuwa ananiangalia akidhani nimepata msiba. Yeyo akangoja. Hakukata simu.

"Asante, Paashe," nikamjibu.